Barua ya wazi kwa Mawaziri wawili: Lalamiko dhidi ya ofisi ya ustawi lisishushwe kwa anayelalamikiwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,

Na kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI).

YAH: MAHALI PA KULALAMIKA PALE OFISI YA ULINZI WA MTOTO INAPOKOSEA

Waheshimiwa Mawaziri,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nawaandikia ninyi wawili katika barua moja kwa makusudi. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yuko chini ya mkurugenzi wake, na mkurugenzi yuko chini ya TAMISEMI. Lakini miongozo ya kazi ya afisa huyo, namna ya kupokea shauri la mtoto, namna ya kumwondoa mtoto kwenye hatari, inatoka wizara ya Maendeleo ya Jamii, kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Mgawanyo huo una sababu zake, nami sibishani nao. Tatizo ni kwamba mwananchi akikosewa na ofisi hiyo hajui alie na nani, na kila anayemwendea ana haki ya kumwambia hilo si lake.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mjumbe wa Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto katika mtaa wetu, hizi kamati zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango kazi wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18. Hatulipwi, na sidai kulipwa. Kila semina tunaambiwa jambo moja: ukiona mtoto anateswa, toa taarifa. Sheria nayo inasema hivyo. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa kila mwanajamii wajibu wa kuijulisha mamlaka ya serikali za mitaa anapoona haki za mtoto zinavunjwa. Kifungu cha 94 kinaipa mamlaka hiyo wajibu wa kumlinda mtoto. Wajibu wangu niliutimiza. Ninachotaka kuwaeleza ni yaliyofuata.

Mwaka juzi, msimu wa vuli, aliletwa binti wa kazi katika nyumba moja ya mtaani kwetu. Sitataja jina lake, wala mkoa alikotoka, wala halmashauri yetu. Majina yote yamo kwenye malalamiko niliyoyapeleka panapohusika. Alikuwa na umri wa miaka 12 hivi. Sheria ya Mtoto inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na huyo wa miaka 14 mwenyewe ni kwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Huyu wetu aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akapanga foleni bombani na ndoo zake za lita 20, na watoto wa nyumba ile walipokuwa wanapanda gari la shule yeye alikuwa uani na beseni la vyombo.

Bombani ndipo nilipouona mkono wake. Alipandisha mkono wa sweta ili ashike ndoo vizuri, na karibu na kiwiko palikuwa na kidonda kilichoanza kufunga, kingo zake mbili zimenyooka na kukutana kwenye ncha. Yeyote aliyewahi kunyoosha nguo angejua kilichomgusa ni pasi, na kwamba iliwekwa, haikuteleza. Aliponiona natazama akashusha sweta. Nikamuuliza ameumia na nini. Akasema, "Nilichelewa kunyoosha." Hakuongeza neno, nami sikumkamua pale mbele za watu.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaniandikia barua, nikaenda nayo ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Afisa aliyenipokea aliandika maelezo yangu kwenye kaunta buku, chini ya maelezo ya mama aliyekuja kudai matunzo ya mtoto, huku watu wengine wamekaa kwenye benchi lile lile wakisubiri zamu na kusikia kila kitu. Sikupewa namba ya shauri wala karatasi yoyote. Niliambiwa, "Mwalimu, tumepokea, tutafuatilia."

Kabla wiki haijaisha mwajiri wa yule binti alisimama getini kwangu. "Mwalimu, kumbe wewe ndiye umekwenda kunishtaki ustawi?" Alijua siku niliyokwenda. Alijua nilichosema kuhusu pasi, karibu neno kwa neno. Wala hakuficha alikoyapata: alipigiwa simu na ofisi, akaulizwa kama ni kweli yale yanayosemwa na Mwalimu jirani yake. Baada ya hapo binti hakuonekana tena bombani.

Nilirudi ofisini. Nikaambiwa amerudishwa kwao. Amerudishwa na nani? Mwajiri wake amempandisha basi. Nikauliza kama alipitishwa hospitali kwanza, na kama ilitolewa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Nikauliza kama Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lilijulishwa, na kama ofisi iliwasiliana na afisa ustawi wa wilaya anakotoka ili apokelewe stendi. Nikauliza kama kuna mtumishi yeyote wa serikali aliyekaa na mtoto mwenyewe, peke yake, mwajiri akiwa nje, akamsikiliza. Maswali yote hayo yalipata jibu moja: "Suala limeshafungwa, Mwalimu."

Tazameni kilichofanyika. Mtoto mwenye jeraha la moto, aliyetolewa mkoa mmoja kwenda mwingine kufanya kazi asiyoruhusiwa kuifanya, jambo ambalo peke yake lilitosha kumfanya afisa aifungue Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, alikabidhiwa kwa yule yule anayetuhumiwa kumchoma, amkatie tiketi. Jeraha lilikuwa ndiyo ushahidi, na ushahidi ukaondoka na basi. Kifungu cha 96 cha Sheria ya Mtoto kinachompa afisa ustawi mamlaka ya kuchunguza, akishirikiana na polisi, kilibaki kwenye kitabu. Na hakuna anayeweza kuniambia hadi leo kama binti yule alifika.

Hapo ndipo nilipoamua kulalamika, na ndipo ninapoomba mkae nami kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu sehemu hii inawahusu ninyi moja kwa moja. Afisa mmoja anaweza kukosea popote duniani. Kukosekana mahali pa kulipeleka kosa lake ni suala la ngazi yenu.

Nilimwandikia mkurugenzi. Niliipeleka barua masijala mwenyewe na nikasisitiza nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa, maana nimelitumikia taifa hili miaka mingi na najua barua isiyo na muhuri huwa haikuwahi kufika. Mnajua kuliko mimi safari ya barua ya namna hiyo. Inapanda mpaka kwa mkuu wa ofisi, inaandikwa dokezo pembeni, inashushwa kwa mkuu wa idara "kwa hatua zako", naye anaishusha chini "kwa maelezo". Ilishuka mpaka ikatua kwenye meza ya afisa niliyemlalamikia. Nalijua hilo kwa sababu alinipigia simu akiwa nayo mkononi, akanisomea sentensi zangu. "Mama yangu, mimi nimekukosea nini mpaka uniandikie kwa bosi?"

Hakuwa mkali. Alikuwa mtu aliyeumia, na nilimwelewa. Lakini muda wote alipokuwa akizungumza nilikuwa namfikiria mama wa yule binti, kwamba angekuwa yeye ndiye mlalamikaji. Hana pensheni, hajui masijala ni chumba gani, na kesho kutwa atahitaji afisa ustawi huyo huyo amwandikie msamaha wa matibabu mtoto wake mdogo akilazwa. Angeisikia simu ile, akaendelea na malalamiko? Mimi nasema angeomba radhi, akakata simu, na shauri likafia pale.

Majibu ya maandishi yalikuja baadaye, aya moja: suala langu lilishughulikiwa kwa mujibu wa taratibu. Aliyeandaa majibu ndiye aliyelalamikiwa. Mkubwa wake aliweka saini. Kesi ya ngedere ilipelekwa kwa nyani, na nyani akaamua alivyoamua. Nilipopanda ngazi za juu zaidi, ofisi moja iliniambia mtumishi wa halmashauri hulalamikiwa halmashauri, nyingine ikaniambia utumishi si wake, nyingine ikaniambia mambo ya kitaalamu ya watoto yana wenyewe. Wote walinijibu kwa adabu. Wote, kila mmoja kwa upande wake, walikuwa sahihi.

Najua nitaulizwa kwa nini sikupiga 116, namba ya simu ya msaada kwa mtoto. Namba hiyo ni moja ya vitu vyema tulivyonavyo. Inapigwa bure, na nimewakaririsha watoto wengi mtaani kwetu. Ila 116 imewekwa kwa ajili ya taarifa za mtoto aliye hatarini, na taarifa ikishapokelewa hupelekwa kwa afisa ustawi wa halmashauri husika ili afuatilie. Kwa shauri kama langu, hiyo ni njia ndefu zaidi ya kurudi kwenye kaunta buku lile lile. 113 ya TAKUKURU ni ya rushwa. Mimi sikuona rushwa, na sitamsingizia mtu rushwa ili tu nisikilizwe. Sanduku la maoni lipo, limetundikwa ukutani nje ya ofisi, kufuli lake limeshika kutu. Siwezi kuweka jina la mtoto aliyechomwa kwenye sanduku ambalo sijui ufunguo wake anao nani.

Ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Imetajwa kwenye Ibara ya 129 ya Katiba, na sheria yake ya mwaka 2001 inaipa uwezo wa kuchunguza malalamiko dhidi ya watumishi na taasisi za umma. Nimeipelekea nakala, na ninaiheshimu. Lakini Tume inabeba malalamiko ya nchi nzima, ya ardhi, ya mahabusu, ya mafao, ofisi zake ni chache, na mwisho wa uchunguzi wake ni mapendekezo. Inafaa kuwa kimbilio la mwisho. Mtoto aliyepandishwa basi asubuhi anahitaji mtu mwenye mamlaka ya kuuliza swali siku hiyo hiyo kabla basi halijafika.

Niseme neno kuhusu maafisa wenyewe, maana sitaki barua hii isomwe kama shutuma dhidi yao. Ofisi niliyoiona haina gari. Afisa akitaka kwenda kumwona mtoto kwenye kata ya mbali anaombwa na mlalamikaji apande naye bodaboda, na mara nyingi mlalamikaji ndiye anayelipa. Mtu mmoja ana mashauri ya ndoa, matunzo, wazee wasiojiweza, watoto wa mitaani, taarifa za mahakama ya watoto, misamaha ya hospitali, na mezani ana simu yake mwenyewe inayotumia vocha yake mwenyewe. Zipo kata ambazo hazina afisa kabisa. Haya nayo ni ya kwenu kuyatatua, na kila bajeti inapopita bila kuyatatua kuna mtoto anayelipa. Lakini kutotaja jina la aliyetoa taarifa hakuhitaji gari. Kumtenga mtoto na mtuhumiwa wakati wa kumhoji hakuhitaji mafuta. Kumpigia simu afisa mwenzako wa wilaya nyingine ni dakika chache. Na ingekuwepo sehemu huru ya kupokea malalamiko, upungufu huu wa vitendea kazi ungeandikwa kwenye kila ripoti na kupanda juu ukiwa na ushahidi, badala ya kubaki manung'uniko ya kwenye korido.

La jina kuvuja ndilo linaloniuma kuliko mengine, na nitaeleza kwa nini. Serikali yetu ilifanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto mwaka 2009, matokeo yakatolewa 2011. Ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walipata ukatili wa kimwili. Waliotafuta msaada walikuwa wachache, na waliopata huduma walikuwa wachache zaidi. Tangu hapo tumetumia nguvu nyingi kuwashawishi watu wavunje ukimya. Mabango yamewekwa, nyimbo zimeimbwa, sisi wajumbe tumepita nyumba kwa nyumba. Sasa mtu mmoja anavunja ukimya, jina lake linafikishwa getini kwake, na mtaa mzima unajua. Baada ya tukio langu, mama mmoja aliyekuwa akinidokeza mambo ya watoto wa upande wa pili wa mtaa aliniambia, "Mwalimu, mimi niache, nina wanangu wa kulea." Sina la kumjibu. Kazi ya miaka imefutwa na simu moja.

Na sheria ya kuzuia hilo tunayo. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015. Inalinda utambulisho wa anayetoa taarifa za uhalifu kwa nia njema. Kumchoma mtoto ni uhalifu. Inakuwaje basi ofisi inayoishi kwa taarifa za majirani iwe haina hata fomu moja yenye sehemu ya kufunika jina la mtoa taarifa?

Wapo watakaosema tunaiga mambo ya nchi tajiri. Nitatoa mfano wa huko hata hivyo, kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa wa Afrika. Victoria Climbié alitolewa kwa wazazi wake nchini Ivory Coast na shangazi wa baba yake, kwa ahadi ya kusomeshwa Ulaya. Ahadi hiyo hiyo ndiyo inayowatoa mabinti wetu vijijini. Alikufa London mwezi Februari 2000 akiwa na miaka 8, kwa mateso ya muda mrefu, na ofisi za ustawi, polisi na hospitali zote zilikuwa zimemwona. Serikali ya Uingereza haikuziachia ofisi hizo zijichunguze. Ilimteua Lord Laming aongoze uchunguzi huru uliofanyika hadharani. Ripoti yake ya Januari 2003 ilionyesha angalau nafasi 12 ambazo mtoto yule angeweza kuokolewa, ikatoa mapendekezo 108, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria mpya ya watoto. Hata kwa malalamiko ya kawaida, sheria yao ya watoto ya 1989 ina utaratibu: ukilalamika na usiridhike na jibu la ofisi, uchunguzi wa hatua ya pili lazima ushirikishe mtu asiye mwajiriwa wa halmashauri, tena kwa siku zilizowekwa kwenye kanuni. Mtu mmoja wa nje, na kalenda. Hilo halihitaji utajiri. Kwetu tuna walimu wakuu wastaafu, mahakimu wastaafu, wauguzi wastaafu, viongozi wa dini, katika kila wilaya ya nchi hii.

Ninachoomba, Waheshimiwa, ni waraka mmoja wenye saini zenu zote mbili. Uanzie na jambo dogo kabisa: kila anayetoa taarifa ya mtoto na kila anayelalamika apewe hati ya kupokelewa yenye namba ya shauri, tarehe, na jina la afisa aliyepokea. Kituo cha polisi kinatoa RB, yaani namba ya taarifa, kwa simu iliyopotea. Mtoto anastahili namba.

Kisha, na hili ndilo kiini cha barua yangu, waraka ukataze lalamiko dhidi ya afisa ustawi kushushwa kwa afisa huyo au kwa msimamizi wake wa karibu. Lifunguliwe jalada lake ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, chini ya afisa ustawi wa mkoa, na likae mbele ya jopo dogo lenye angalau mtu mmoja asiye mtumishi wa serikali. Afisa aliyelalamikiwa aandike maelezo yake kama shahidi mwingine yeyote, asikilizwe kwa haki, na asikabidhiwe namba ya simu ya mlalamikaji. Uamuzi utoke kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa, ueleze kilichokutwa na kitakachofanyika. "Suala limeshughulikiwa" lisikubalike kuwa ni jibu. Siku hizo ni ngapi, wataalamu wenu watapanga, ila mtoto akiwa hajulikani alipo zihesabiwe kwa saa.

Waraka useme wazi kwamba kuvujisha jina la mtoa taarifa ni kosa la nidhamu. Useme pia kwamba hakuna shauri la mtoto linalofungwa kwa mtuhumiwa kumsafirisha mtoto. Anayesafirishwa kurudi kwao asindikizwe, akabidhiwe kwa afisa wa wilaya yake kwa hati, na kama kwao ndiko alikouzwa, atafutiwe moja ya zile familia za kuaminika ambazo utaratibu wa wizara unazitambua.

Na mtoto mwenyewe awe na haki ya kulalamika. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991 na ule wa Afrika mwaka 2003, na Sheria yetu ya Mtoto inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa. Binti wa miaka 12 anayejua kuhesabu chenji ya sokoni anaweza kusema kama alisikilizwa au hakusikilizwa. Mwalimu wa malezi na ushauri wa shule aruhusiwe kumwandikia, au hilo liwe jukumu jipya la 116, kwa dirisha tofauti ambalo halirudi kwenye halmashauri inayolalamikiwa. Nimefundisha darasa la pili karibu maisha yangu yote ya kazi. Watoto wanajua vizuri sana mtu mzima alipowapuuza, na wanakumbuka.

Nimewaandikia ninyi wa Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mtoto ya mwaka 2011 na wizara yake, na wenzetu wa huko watasema yao.

Sipendekezi afisa yule aadhibiwe kupitia barua hii. Ameshalalamikiwa kwa njia ya halali, na ninachotaka ni njia hiyo iwe na mwisho. Wala sitaki kuitwa kwenye kikao cha kusuluhishwa naye na mwajiri wa binti, kama nilivyodokezwa kwamba kunaandaliwa utaratibu wa "kuyamaliza". Mimi na jirani yangu hatukugombana. Kilichotokea ni jinai dhidi ya mtoto, na jinai hiyo haijachunguzwa.

Ombi langu la mwisho haliwezi kusubiri waraka. Mkoa na kata anakotoka binti yule vimeandikwa kwenye barua yangu iliyogongwa muhuri, na nakala ninayo. Naomba mmoja wenu aagize afisa ustawi wa wilaya ile aende nyumbani kwao wiki hii, amwone kwa macho, auangalie mkono, aulize kama amerudi shule, amfungulie jalada la polisi huko huko ikibidi, na aniandikie. Kama hayupo, basi dawati la polisi la wilaya zote mbili lijulishwe siku hiyo hiyo kwamba kuna mtoto aliyepotea akiwa mikononi mwa ofisi ya serikali.

Nipo tayari kutoa maelezo mbele ya yeyote mtakayemteua, mkoani au Dodoma, kwa nauli yangu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, mjumbe wa Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya mtaa

Nakala:
Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora
Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Ustawi na Maendeleo ya Jamii